Barua ya wazi kwa mawaziri wanne: mtoto aliyeshindikana apelekwe wapi kabla hajavunja sheria?

Morogoro

Waheshimiwa,
Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum,
Waziri wa Afya,
Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Waziri wa Nchi anayesimamia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI).

YAH: MTOTO MWENYE MATATIZO MAKUBWA YA TABIA AMBAYE BADO HAJAWA MHALIFU

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nawaandikia ninyi wanne kwa pamoja kwa sababu kila ofisi niliyoingia iliniambia suala langu ni la wizara nyingine. Ustawi wa jamii walinituma hospitali, hospitali wakanirudisha shuleni, shule ikaniambia niende ustawi, na ofisi ya kata ikanishauri nimwombe Mungu. Nimeona niandike barua moja muisome pamoja, ili asiwepo wa kumtupia mwenzake.

Mimi ni muuguzi mkunga katika zahanati ya Serikali, upande wa kliniki ya mama na mtoto. Ni mama pia wa mvulana wa darasa la tano. Jina lake silitaji, maana iko siku ataisoma barua hii mwenyewe, na hajaniruhusu.

Swali langu ni hili. Hapa Tanzania Bara, mtoto wa miaka minane au tisa anayepiga kila mtu, anayeiba, anayelala nje, anayechoma moto mali za watu, ni ofisi gani yenye wajibu wa kumsaidia yeye na kuwafundisha wazazi wake namna ya kuishi naye? Siulizi ofisi ya kumpokea akishakamatwa. Hiyo naijua, na niseme ukweli, imepangwa vizuri. Kituo cha polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka Mahakama ya Watoto. Afisa ustawi wa jamii anatakiwa kumwandikia hakimu taarifa ya maisha ya mtoto huyo. Ziko mahabusu za watoto katika miji michache, na kule Mbeya iko Shule ya Maadilisho Irambo. Kanuni ya Adhabu nayo inasema mtoto wa chini ya miaka 10 hawajibiki kijinai, na wa chini ya miaka 12 hawajibiki mpaka ithibitike kwamba alijua analolifanya ni kosa. Siipingi sheria hiyo hata kidogo. Ila tazameni inachokiacha wazi: miaka ile ambayo mtoto wa aina hii anaweza kusaidiwa kwa wepesi zaidi ndiyo miaka ambayo hakuna ofisi inayomhesabu kuwa wake.

Afisa mmoja, mtu mstaarabu kabisa, aliniambia nisubiri kijana afikishe miaka kumi na miwili, kisha nimfungulie shauri mimi mwenyewe, ndipo lipatikane faili na watu wa ustawi waanze kumshughulikia. Alisema kwa nia njema. Ndicho kinachoniuma: katika jengo zima lile, ushauri wa maana kuliko wote ulikuwa mama amshtaki mwanawe.

Nieleze ni mtoto gani ninayemzungumzia, kwa kuwa najua kuna msomaji ameshaanza kusema watoto wote ni watundu. Utundu naujua. Mtoto mtundu anapanda mwembe wa jirani, anavunja kioo kwa mpira, anadanganya kuhusu madaftari. Ukimkemea anaona haya, na baada ya wiki amehamia mchezo mwingine. Ninayemsema mimi ni yule ambaye mdogo wake hawezi kuachwa naye chumba kimoja. Anapiga kwa kufuli, kwa kigoda, kwa chochote kilichomo mkononi. Anachukua fedha za mchezo wa kina mama kabatini, na ukimuuliza anakukazia macho na kukana. Madrasa wamemrudisha, tuisheni wamemrudisha. Hasira yake inaanzia kwenye jambo dogo kama kuambiwa azime televisheni, na ikishapanda hasikii la mama wala la mwadhini. Mambo haya hayadumu wiki mbili yakapita. Yanakwenda mwaka baada ya mwaka, nyumbani na shuleni, kwa bibi na kwa shangazi. Familia inaacha kualikwa kwenye shughuli. Mwenye nyumba anaanza kuulizia mkataba unaisha lini. Na mama mtu, hasa akiwa analea peke yake, anaambiwa usoni kwamba yeye ndiye aliyemdekeza.

Kitaalamu matatizo haya yanatambulika. Shirika la Afya Duniani limeyaweka kwenye mwongozo wa mhGAP, ule wa kufundishia wahudumu wa kawaida wasio madaktari wa akili, na toleo la mwaka 2016 lina sehemu nzima ya watoto na vijana. Kwa mtoto wa namna hii mwongozo unaweka mbele mafunzo ya malezi kwa wazazi na kuzungumza na walimu wake. Haumtaki mhudumu asiye bingwa aanze kumwandikia dawa kwa sababu ya tabia peke yake.

Sasa sikieni mwanangu alichopewa. Katika hospitali moja tulikaa foleni ya kliniki ya akili pamoja na watu wazima, baadhi yao wakiwa katika hali ambayo mtoto hapaswi kukaa karibu nayo asubuhi nzima. Tulipoingia tuliulizwa machache: anavuta bangi? Analala? Kwenye ukoo yupo mwenye ugonjwa wa akili? Tukatoka na vidonge. Mtoto akasinzia darasani karibu muhula mzima, na mwalimu wake akanipigia simu kunishukuru. Vidonge vilipoachishwa na daktari bingwa tuliyemwona baadaye Dar es Salaam, tabia tuliikuta palepale tulipoiacha.

Bingwa yule alikuwa wa kwanza kuniuliza maswali yenye maana. Mtoto alilia alipozaliwa? Aliwahi kupata degedege? Malaria kali? Masikio yanatoa usaha? Anasoma sawa na wenzake au anajificha nyuma ya fujo kwa sababu haoni herufi zinavyoungana? Hasira inaanza saa ngapi, mbele ya nani, na inaishaje? Haya si maswali ya kupamba faili. Usaha wa masikio kwetu unaachwa miaka, na mtoto asiyesikia vizuri anahesabiwa jeuri. Kuna kifafa kisichoangusha mtu, kinachomfanya aonekane amepuuza anachoambiwa. Na watafiti wa Hospitali ya Mulago, Kampala, waliowafuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo, waliwakuta baadhi yao wamebaki na ukali na kutotulia ambako hawakuwa nako kabla ya kuugua. Mkoa wetu unaijua malaria. Ni wazazi wangapi wanaruhusiwa wodini wakiambiwa wamtazame mtoto tabia, na siyo homa tu?

Tatizo ni kwamba alipomaliza kuuliza, bingwa alisema tunachohitaji ni mafunzo ya wazazi ya kila wiki kwa miezi michache, kisha akakosa mahali pa kunielekeza karibu na nyumbani. Treni ya umeme imetusogezea Dar es Salaam, nauli ni shilingi 13,000 kwa mtu mzima kwenda tu, lakini kwa mama anayeuza vitumbua ni kazi bure kumwambia apande treni kila wiki. Hata mimi mwenye mshahara sikuweza.

Mafunzo hayo ni nini? Nimeyasoma sana tangu hapo, na nitayaeleza kirefu kidogo, kwa sababu nahisi wengi wenye mamlaka wanayadhania kuwa semina ya kuwaambia wazazi wawapende watoto wao, yenye soda na posho.

Gerald Patterson, mwanasaikolojia wa Oregon, Marekani, alitumia miaka mingi kutazama familia zenye watoto wakali zikiwa majumbani mwao. Alichokiona nakiona mtaani kwangu kila siku. Mtoto anataka mia tano ya kibanda cha gemu. Mama anakataa. Mtoto anapiga mlango teke, mama anafoka, mtoto anamwaga ndoo ya maji, wadogo wanalia, jirani anachungulia. Mama amechoka, anatoa ile mia tano. Kelele zinakoma. Mtoto amejifunza kwamba ndoo ikimwagika hela inatoka, na mama naye, bila kujua, amejifunza kwamba akilegea anapata utulivu. Jioni baba anaporudi anasimuliwa, anavua mkanda. Nyumba inatulia saa mbili, na baba amejifunza kwamba mkanda unafaa. Kesho yake mtoto anaanzia kwenye ndoo moja kwa moja, na baba anaongeza fimbo. Kila mmoja ndani ya nyumba ile anapata nafuu ya dakika chache kutokana na jambo lilelile linaloibomoa.

Mafunzo yanaikata duara hiyo kwa mazoezi. Wazazi wanakutana kila wiki, wanaigiza tukio lililowashinda, wanarudi nyumbani na zoezi, wiki inayofuata wanasimulia lilivyokwenda. La kwanza kabisa linachekesha: kila siku, dakika chache, mzazi anacheza na mtoto mchezo anaouchagua mtoto, bila kumfundisha wala kumkosoa. Unachezaje na mtu aliyekuibia jana? Lakini ndipo pa kuanzia, kwa sababu mtoto asiye na cha kupoteza kwako huwezi kumnyima kitu. Baada ya hapo mzazi anajifunza kusifia jambo mahususi lililofanyika vizuri palepale linapofanyika, kutoa agizo moja kwa wakati mmoja kwa sauti ya kawaida, kuyapuuza manung'uniko yasiyoumiza mtu, na kuweka adhabu ndogo iliyojulikana kabla ya kosa na inayotekelezwa kila mara, leo na kesho, na baba na mama, na bibi akiwepo. Hapo kwa bibi ndipo penye kazi kubwa. Nadhani mnaelewa.

Carolyn Webster-Stratton wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, alianza kuyafanyia majaribio mafunzo ya aina hii tangu miaka ya 1980, na yamejaribiwa tena na tena katika nchi nyingi kwa watoto wadogo wenye ukali uliopitiliza. Hakuna dawa wala adhabu yenye ushahidi wa kiasi hicho kwa tatizo hili. Kwa kijana mkubwa, ambaye ameshaanza kuvuta na kulala vijiweni, kazi ni nzito zaidi: anahitajika mtu aliyefundishwa kuifuata familia nyumbani, aongee na shule, ajue marafiki ni akina nani, na kwa miezi kadhaa. Ni ghali. Ndiyo sababu nyingine ya kutomsubiri afike huko. Sisemi kila mtoto atanyooka. Wako ambao hata baada ya yote watabaki na shida, na hao ndio mabingwa wetu wachache wangepaswa kubaki nao.

Najua jibu mlilonalo mkononi: hatuna wataalamu. Waheshimiwa, katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, mafunzo ya vikao 14 kwa wazazi na vijana wao yalijaribiwa kwa kaya 552 katika maeneo 40, matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Walioyaendesha walikuwa wakazi wa kawaida waliopewa mafunzo, na kaya zilikuwa maskini kama zetu. Kupigwa na kutukanwa kwa watoto kulipungua, msongo wa wazazi ulipungua, na matumizi ya pombe na dawa za kulevya yalipungua pia. Tena mpango huohuo ulishafika kwetu. Kati ya mwaka 2020 na 2021 ulifanyika Tanzania kwa jina la Furaha Teens, chini ya mradi wa Kizazi Kipya uliogharamiwa na Marekani, ukawafikia makumi ya maelfu ya wazazi na vijana. Kwa hiyo wapo Watanzania wanaojua kuyaendesha haya kwa Kiswahili, wakiwa wamekaa na wazazi wetu chini ya miembe yetu. Mradi ukaisha, na kaya zilizokuja nyuma hazikukuta kitu. Baada ya kuona mwaka 2025 Marekani ilivyosimamisha misaada yake, sidhani kama kuna mtu bado anaamini jambo hili linaweza kukaa kwenye bajeti ya mfadhili.

Niende kwenye yale tunayopewa badala yake, maana hatuachwi mikono mitupu. Tunapewa sana.

Tunapewa fimbo. Ukisema mtoto amekushinda, mtu wa tatu hivi atakusomea kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Waziri wa Elimu, kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema mwanafunzi achapwe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi, visizidi vinne, na iandikwe kwenye kitabu. Ni nani kati yenu aliyewahi kukiona kitabu hicho kimejazwa? Mwanangu amechapwa na walimu ambao hawakuteuliwa na yeyote, mbele ya paredi, na kila mara amerudi darasani akiwa na sifa zaidi kwa wenzake. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009, uligundua kwamba karibu robo tatu ya Watanzania wanachapwa, kupigwa mateke au kutendewa ukatili mwingine wa mwili kabla ya kufikisha miaka 18. Kama kupigwa kungekuwa tiba ya ukorofi, tungekuwa taifa la watu wapole kuliko wote. Agosti 2018 mtoto wa darasa la tano kule Bukoba alifariki baada ya kupigwa na mwalimu. Nchi ikalia, mwalimu akahukumiwa, kanuni zikabaki zilivyo. Hata Sheria ya Mtoto, katika kifungu cha 13, inakataza adhabu isiyo ya kiasi, na kila mwenye fimbo anajipimia kiasi chake.

Nisiwaonee walimu. Ukiwa na watoto mia darasani na mmoja anarusha viti, unafanya unachokijua. Wapewe cha kujua. Dkt. Mabula Nkuba wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam na wenzake wa Ujerumani waliwafundisha walimu wa sekondari za Serikali hapa nchini namna ya kusimamia nidhamu bila kupiga, mafunzo ya chini ya wiki moja, na utafiti wao wa mwaka 2018 ulionyesha kupiga kulipungua katika shule zilizofundishwa. Mwalimu ni Mtanzania, shule ni zetu, chuo ni cha Serikali. Sijui kinachosubiriwa.

Tunapewa vitisho. Mpeleke polisi wamlaze kidogo, atajifunza. Ushauri huu nimeupata kwa watu wenye digrii. Wamarekani waliujaribu kwa utaratibu maalumu tangu miaka ya 1970, katika gereza la Rahway, New Jersey: vijana wakorofi waliingizwa ndani wakafokewa na wafungwa ili waogope. Filamu yake ilisifiwa sana. Watafiti walipokuja kulinganisha vijana walioingizwa na wale ambao hawakuingizwa, katika mipango kadhaa ya aina hiyo, walioingizwa walifanya makosa zaidi. Bora wangeachwa majumbani.

Tunapewa kuhamisha. Apelekwe kijijini kwa babu, apelekwe bweni, apewe barua ya uhamisho. Shule inayotoa barua ya uhamisho kwa mtoto wa aina hii hesabu yake imetimia. Shule inayompokea haiambiwi kitu, na mtoto anaanza upya na walimu wasiomjua. Tunapewa maombezi na dawa za kuoga. Sina ugomvi na dini, nami nasali, na viongozi wa dini wengine wamenisikiliza kwa uvumilivu kuliko ofisi yoyote. Nina ugomvi na yule anayemwambia mtoto wa miaka tisa mbele ya umati kwamba ndani yake kuna kitu kibaya.

Na nina hofu na jambo moja ambalo huenda mmeshaliwaza: kujenga vituo vingi zaidi vya kuwakusanya. Baada ya vurugu za mwaka 2022 za Panya Road, yale magenge ya vijana wa Dar es Salaam, nilisikia watu wengi wakidai hivyo, na hasira yao naielewa, kuna familia zilipoteza watu. Lakini Thomas Dishion, aliyefanya kazi Oregon na Patterson, alionyesha mwaka 1999 kwamba ukiwaweka vijana wakorofi pamoja kwenye kikundi kimoja cha kuwasaidia, wanafundishana na kupongezana, na baadhi wanatoka wabaya zaidi kuliko wenzao ambao hawakusaidiwa kabisa. Wale vijana wa Panya Road waliotembea na mapanga Dar es Salaam, kila mmoja alikuwa na miaka minane wakati fulani. Yuko mama aliyezunguka ofisi.

Basi naomba nini?

Naomba kwanza mwenye jukumu. Kifungu cha 94 cha Sheria ya Mtoto kinaipa halmashauri wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto katika eneo lake, kwa hiyo sheria mpya haihitajiki. Unahitajika waraka mmoja mtakaoutia saini wote wanne. Useme wazi kwamba mtoto mwenye matatizo makubwa ya tabia ambaye hajavunja sheria ni wa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na kwamba anafunguliwa faili siku mzazi anapofika, bila RB ya polisi na bila barua ya mahakama. Afisa huyo awe na wajibu wa kuita shule na hospitali, badala ya mama kutumwa huku na huku akiwa tarishi wa karatasi zisizosomwa.

Waziri wa Afya, kwako naomba siku. Hospitali ya wilaya ikitenga siku moja tu kwa mwezi kwa ajili ya watoto wa aina hii, wasichanganywe na watu wazima, na mhudumu aliyepitia mhGAP awapime masikio, macho, degedege na uwezo wa kusoma kabla ya kufikiria kidonge chochote, nusu ya ninayoyalalamikia itapungua. Kliniki yetu inampima mtoto uzito kila mwezi, inampa chanjo, inampa vitamini A, na kila kitu kinaandikwa kwenye kadi. Akifikisha miaka mitano kadi inawekwa kabatini na hatumwoni tena mpaka augue. Katika miaka yote hiyo mitano hakuna mahali kwenye kadi panapotutaka tumuulize mama anaishije na mtoto huyu. Maswali mawili yangetosha kuanzia.

Mafunzo ya wazazi nayaombea fungu la Serikali. Januari 2024 mlizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294. Wanaingia kila nyumba, wanaaminika, na wengi ni wazazi. Wachache katika kila kata wafundishwe kuendesha vikao hivi, wasimamiwe na afisa ustawi, walipwe kwa kazi hiyo. Vikao viwe Jumamosi au Jumapili mchana, kwa sababu kikao cha Jumanne saa nne asubuhi maana yake ni kikao cha kina mama peke yao, kisha baba anarudi jioni na mkanda wake hajasikia lolote. Na Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ambayo naisifu kwa dhati, inaishia kwa mtoto wa miaka minane. Mtoto wangu alikuwa na miaka minane wakati mambo yalipochachamaa.

Kwa Waziri wa Elimu nimeshasema kuhusu fimbo. Naongeza barua za uhamisho: mwalimu mkuu asiruhusiwe kumtoa mtoto kwa sababu ya tabia kabla ya kikao cha mzazi, mwalimu wa malezi na afisa ustawi, na kumbukumbu ya yaliyojaribiwa imfuate aendako.

Wazazi wanaosoma hii na mna mtoto wa namna hii ndani, wakati tukisubiri majibu ipo namba 116, simu ya mtoto, haina malipo. Haitakupa tiba, ila atakayepokea hatakuambia umshtaki mwanao.

Waheshimiwa, mapendekezo ya bajeti za halmashauri yanaandaliwa mapema kuliko Bunge la Aprili, nanyi mnalijua hilo kuliko mimi. Ikiwa mtataka mahali pa kujaribia, mganga mfawidhi wetu amekubali chumba cha chanjo kitumike Jumamosi kuanzia saa nane mchana, viti tunavyo, na orodha ya wazazi waliojiandikisha ninayo. Tunakosa mtu wa kutufundisha kuendesha vikao, na barua yenu ya kuturuhusu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Muuguzi mkunga na mzazi, Morogoro

Nakala: Wakurugenzi watendaji wa halmashauri zote